Daftari la Mafuta

Gari jipya, si saluni wala jipu.
Karatasi ya muuzaji iliahidi ishirini:
kilomita ishirini kwa lita moja.
Nikatia sahihi. Nikanunua na daftari.

Wiki ya kwanza, tisa na nusu;
foleni ya Kibuye ina kiu kuliko injini.
Ya pili, kumi na moja,
natoka Mubende na mikungu sita ya matoke
na shemeji Balinda, asiyekubali kiyoyozi kizimwe.
Nikaandika pembeni: gari dogo, tumbo kubwa.

Fundi wa Wandegeya alicheka.
“Ile ishirini waliipimia chumbani, dada.
Chumbani hakuna matuta.”

Kisha, Machi, nikamtoa mama Mulago,
mshono wa tumbo ukiwa mbichi.
Kila tuta nililibembeleza.
Malori yalinipita, mabasi yakanipigia honi,
na breki sikuikanyaga, niliuacha mwendo
ufe wenyewe.
Kyenjojo tulifika usiku, yeye kalala,
mdomo wazi, kiganja juu ya mshono.

Asubuhi nikajaza tangi,
nikapiga hesabu mara mbili:
kumi na tisa nukta tatu.

Sijaifikia tena,
wala siombi.