Mkono Usio na Kazi

Darlene Fehr hasemi karibu.
Ananitazama viatu, anatikisa kichwa,
anaingia bandani na kurudi na buti za marehemu mumewe,
namba kumi na moja. Mimi ni tisa.
Navaa soksi tatu.

Aliposikia jina langu, Swedi,
aliuliza kama kwetu ni Uswidi.
Nikasema Ujiji.
Akasema, basi ni mbali vilevile.

Farasi anaitwa Peni. Jike, rangi ya shaba,
kama ile senti kumi ya tundu
aliyonifunga bibi kiunoni nisije nikaugua.
Upepo wa Brooks hauna adabu, unampekua mkia.
Theluji imebaki nyuma ya banda tu,
chafu, kama ukoko uliosahauliwa sufuriani.

Hupandwa kushoto, anasema. Kila siku kushoto.
Natia mguu kwenye kikuku, bismillahi,
na tandiko lote linazunguka
linakwenda tumboni mwa farasi, pamoja nami.
Kumbe Peni alijaza pumzi nilipokuwa nakaza mshipi.
"Mshipi hukazwa mara mbili," anasema Darlene,
"mara ya kwanza farasi anadanganya."

Wahenga walituonya: mpanda farasi wawili hupasuka msamba.
Kuhusu farasi mmoja
hawakusema kitu.

Hatamu zote mbili, mkono wa kushoto.
Zilegeze, kama umebeba kikombe cha chai ya mgeni.
Usimvute lijamu, mdomo wake si mlango.
Ukitaka kwenda kulia, ngozi imguse shingo upande wa kushoto,
imguse tu,
naye atageuka kama mtu anayekwepa utando wa buibui.

Na huu wa kulia? nauliza.
Huo hauna kazi. Uweke pajani.

Hauna kazi!
Siku tano kwa wiki, zamu ya pili, kiwandani,
mkono huu umeshika kisu.
Mabega ya ng'ombe yanapita yananing'inia,
nami nakata palepale, palepale,
mpaka sijui tena kama nakata au nimekatwa.
Usiku unajikunja wenyewe.
Asubuhi Nyamizi ananikunjua vidole kwa maji ya moto,
kimoja kimoja, taratibu,
kama anafungua fundo la khanga isiyo yake.

Sasa umelala juu ya suruali, umepinda,
umeshika mpini usioonekana.

Telki. Matiti. Shoti.
Maneno haya niliyakuta kwenye kamusi ya shule
nikayakariri kwa ajili ya mtihani, nikayaacha huko.
Leo Peni ameanza matiti
na makalio yangu yameelewa yote kwa mara moja.
Mkono wa kulia ukaruka, ukadaka pembe ya tandiko.
"Pembe ni ya kamba!" kutoka kwenye uzio. "Si ya Swedi!"
Nikaurudisha pajani. Ukaruka tena.
Nikaurudisha.

Kumsimamisha hakuhitaji nguvu.
Kaa, anasema. Kaa kabisa. Toa pumzi.
Acha kutaka kwenda.
Nikatoa pumzi, sijui ya tangu lini,
na kilo mia tano za mnyama zikasimama chini yangu,
mchanga ukatulia.

Niliposhuka magoti hayakuwa yangu.
Peni akaja kuninusa mkono, ule ule.
Nilikuwa nimeusugua kwa ndimu na sabuni ya unga,
lakini pua ya farasi haidanganyiki na ndimu.
Akanusa kiganja, akanusa katikati ya vidole, muda mrefu.
Sikuuondoa.
Akapuliza pumzi ya moto, akageukia nyasi zake.

Darlene akahesabu noti mara mbili, kama mshipi.
Jumamosi ijayo, akasema, uje na buti zako.

Kwenye taa nyekundu, karibu na kiwanda,
nikajiona nashika usukani kwa kushoto.
Wa kulia ulikuwa pajani
umefunguka kidogo,
si wote, vidole vitatu hivi.
Nikawa nauangalia.
Taa ikawa kijani, na mtu nyuma yangu akapiga honi.