Nipo

Huko Kaminoyama, mwishoni mwa Oktoba,
baraza limejaa kaki:
si kaki ya sare za askari,
ni tunda, rangi ya chungwa, gumu kama goti.
Ling'ate bichi uone,
ukakasi utakufunga ulimi
kama shahidi aliyehongwa.

Tomoe Igarashi amekalia mto mwembamba,
kisu kifupi, beseni, gazeti la juzi mapajani.
Yamebaki mia mbili na kitu.
Mwaka jana kazi hii ilikuwa ya watu wawili.

Zahanati ilimpima shinikizo la damu mara mbili,
kisha muuguzi kijana, Hayato, soksi zake hazilingani,
akawaketisha wazee kumi na mmoja mikekani:
fuateni pumzi. Akili ikitoroka,
irudisheni. Msiigombeze.
Tomoe alichekea puani.
Miaka sitini na sita napumua, alisema,
sijawahi kuhitaji mwalimu.
Hayato naye akacheka.
Basi, mama, pumua ukiwa na kazi yako.

Sasa kisu kinazunguka.
Ganda linashuka, utepe mmoja mrefu,
na mwili upo,
mikono ipo, magoti yapo, tena yanauma,
lakini akili iko,
iko Sendai kwa binti asiyekula asubuhi,
iko benki,
iko Februari ile
Shigeo alipouza trekta bila kumwambia
naye akamnunia siku sita,
anaweka chakula, anageuza uso,
na siku ya saba ikawa ya hospitali.

Utepe unakatika.

Anarudi.
Tunda. Kisu. Ubaridi kiganjani.
Pumzi inaingia na moshi
wa majani anayochoma jirani,
inatoka bila kitu.
Matunda matatu, labda manne,
yupo.
Halafu trekta hilo tena, na matope yake,
linaegesha katikati ya kifua.
Safari hii halifukuzi.
Analitazama: bluu iliyobabuka,
kiti kilichoshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki.
Shigeo hamo.
Analiacha lingurume mpaka lizime lenyewe,
anachukua tunda jingine.

Kisu kinateleza, kidole gumba.
Ananyonya damu na utomvu kwa pamoja,
chumvi na ukakasi,
na kwa nukta moja hakuna Sendai, hakuna benki,
kuna ulimi tu.

Jikoni maji yanatokota.
Anafunga vikonyo kwa uzi, mawili mawili,
anachovya: pumzi moja ndani, moja nje, anatoa.
Shigeo alikuwa akihesabu hadi kumi kwa sauti,
mbio mbio, kama dalali mnadani.
Hata hivyo hayakuwahi kuota ukungu.

Upenuni yananing'inia uchi,
yanageukageuka, hayana haraka.
Wiki ijayo ataanza kuyaminya, moja moja,
kwa vidole viwili, kama anayeamsha mtoto,
kila siku, kila siku,
hadi sukari ijitokeze juu ya ngozi
nyeupe kama sakitu.
Haitiwi na mtu.
Ni ukakasi ule ule,
umekaa, umetulia.

Lakini hiyo ni wiki ijayo.
Leo ni mia na themanini, na mgongo.
Akili imetoroka mara ngapi?
Aliacha kuhesabu kwenye thelathini,
na kurudi nako, akiwaza sawasawa,
kulikuwa mara thelathini.

Simu. Binti.
"Uko wapi, mama? Mbona hupokei?"
Tomoe anaibana kati ya sikio na bega,
anatazama ganda linavyoshuka, linashuka,
halijakatika bado.
"Nipo," anasema.
"Upo wapi?"
"Nipo tu. Umekula?"