Tundu la Pili

Flopi ilikuwa na tundu moja pembeni.
Shaame akaitoboa la pili
kwa msumari alioupasha moto jikoni kwa mkewe,
akapuliza unga wa plastiki, akasema:
"Sasa haijijui. Itajiona kubwa."

Mwaka ule, hapa Wete, boksi moja la flopi
lilishinda mshahara wangu wa wiki mbili.
Ofisini tulikuwa nazo kumi na moja,
zile za mia saba na ishirini,
msaada wa watu waliokuwa wakitupa vya kwao.
Wakulima wa karafuu walikuwa elfu tisa.

Akaitia mdomoni mwa mashine.
Krrr, ikajibu, krrr,
kama mtu anayekuna nazi
na hataki kumwamsha mgonjwa.
Maduara themanini, moja ndani ya jengine,
ndivyo kiwanda kilivyoapa.
Shaame akaomba themanini na mawili.
Ikampa.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Umeona? Wanaoandika vibandiko ni waoga.
Wapagazi wetu ghalani, gunia la kilo hamsini
hulishindilia kwa goti mpaka likala sitini.
Limepasuka lini?"

Yalikuwa yakipasuka. Usiku, peke yake,
na asubuhi nikiyafagia mimi.
Sikumwambia. Nilikuwa kijana.

Tukawatia watu, kijiji kwa kijiji,
jina, kilo, daraja, shilingi,
jenereta likikohoa nyuma ya nyumba.
Waliochelewa tukawasogeza ndani kabisa,
kwenye yale maduara mawili ya kuomba,
karibu na chuma cha katikati.
Ndipo alipokaa Zume binti Faki wa Mtambwe:
gunia tatu, na pishi mbili juu.

Siku ya malipo mashine ilikuna, ikasita, ikakuna.
Shaame akaitoa flopi, akaifuta kwa ncha ya shati,
akasoma bismillahi, akairudisha.
Ikatoa watu wote mpaka duara la themanini.
Baada ya hapo, alama za ajabu,
kama nyayo za kaa mchangani.

Bi Zume alikuwa dirishani tangu alfajiri,
mwembamba, buibui limemzidi.
Nikamwambia: humu jina lako hamna, bibi.
Akataka aione hiyo humu.
Nikampa. Akaipima kiganjani.
"Mmewatia wangapi?"
"Mia nane na kitu."
"Na wote wakaenea?"
"Wote."
"Mie nina kilo arobaini na mbili, mwanangu,
pamoja na kanga zangu.
Nimekosaje pa kukaa?"

Foleni nzima ikacheka. Shaame hakucheka.

Akafungua fundo la kanga, polepole,
akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne,
muhuri umevuja, karatasi inanukia karafuu.
Nikaikunjua juu ya meza.
Kila tarakimu ilikuwepo.

Walipotea watu ishirini kwenye flopi ile.
Kumi na watano walikuwa na karatasi.
Watano hawakuwa nayo, na daftari la ghala
lilikuwa limeshaliwa na mchwa,
kwa kuwa tulisema hatulihitaji tena.

Mwezi uliofuata Shaame akaagiza Unguja
flopi moja mpya, kwa pesa yake,
yenye matundu mawili ya kiwandani.
Akaandika humo majina matano.
Mbarouk Shehe. Time Kombo. Hamad wa Hamad.
Mize, ambaye hatukujua babake.
Na Khatib fundi wa vitanda.
Nikamwambia: mbona imebaki tupu yote hii?
Tungewatia Konde nzima.
"Waache wakae," akasema. "Wanyooshe miguu."

Ninayo mpaka leo. Mashine yenye mdomo huo
sijaiona tangu mwanangu wa mwisho azaliwe.
Mara moja moja nasukuma kile kifuniko cha bati,
kinarudi chenyewe, tak.

Msumari nao ninao. Umepinda.