Mia na Tisa

Asubuhi hii nimebandua bango mlangoni,
lile la vijana wanaocheka kwenye theluji
na makoti ya kuazima. Picha nilipiga mimi.
Gundi imebaki.

Mwaka jana chuo kilipokea mia tisa.
Mwaka huu Ottawa wamesema: mia na tisa.
Wametuongezea "na", herufi mbili tu,
idara ya uuguzi ikafungwa.

Sisemi hatukukosea.
Binamu yangu Réal alilaza saba chini ya nyumba yake,
kila godoro dola mia sita,
choo kimoja. Nilijua.
Foleni ya kliniki ilitoka hadi barabarani,
na watu wa mji huu wa mgodi
wakaanza kuhesabu nani yuko mbele yao.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
tulipona. Ada zao ziliezeka maktaba,
zikalipa mshahara wangu.
Siku ya tatu tukawapa jembe,
saa ishirini na nne kwa wiki, zisizidi,
zamu za usiku
katika nyumba ya wazee anakolala mama.

Sushmita Gurung ndiye humgeuza ubavu.
Kibali chake kinakwisha Machi.
Mama haijui Machi, anaijua mikono.
Jana kaniuliza, "Yule binti harudi?"
Nikasema kuna hesabu zinapigwa.

Sasa naandika: Mpendwa mwombaji, tunasikitika.
Barua mia saba tisini na moja.
Ya kwanza inakwenda Pokhara,
kwa kijana aliyeniuliza mara mbili
kama theluji ikianguka husikika.