Kusini ni Kusini

Kalenda tuliachiwa na wanunuzi wa korosho,
watu wa Tutikorini, waliokuja na mizani yao,
wakaondoka na magunia, wakatupa picha kumi na mbili.
Januari, Madurai: mnara umesheheni miungu
kama mbegu ndani ya papai.
Machi, Rameswaramu: ujia wa nguzo, nguzo, nguzo,
na mwishoni mwanga mdogo kama punje ya ufuta.
Machi ile mama hakuigeuza.
Mwaka mzima, ukutani kwetu Mtwara, ilikuwa Machi.

"Nipeleke kusini," alimwambia baba.
Baba akafungua daftari la madeni, akalifunga.
Bei ya msimu ule haikutosha
hata leso ya kufutia machozi.
"Kastur," akasema, "kwani hapa tulipo ni wapi?
Kila atokaye Dar es Salaam husema anakwenda Kusini.
Kusini ni kusini."
Mama hakucheka. Akaanza kukanda unga
na majani ya uwatu.

Tukaponda ndimu nne, moja kila tairi.
Datsun ikakohoa, ikakubali.
Mbele baba, mama na chupa ya chai;
nyuma mimi, Bhavin na Jyotsna, juu ya magunia matupu,
vumbi jekundu likitutia alama vipajini
kabla kuhani yeyote hajatugusa.

Mikindani, chumba cha nyuma ya duka la babu,
alimowasha taa ya samli kila alfajiri,
kimekuwa saluni.
Mama akavua viatu mlangoni.
Sharifa Nandonde, kitana mdomoni, akamtazama,
naye akavua vyake.
Mteja, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akavua pia.
Wakasimama hivyo, wanawake watatu pekupeku,
mbele ya kioo kilichochukua nafasi ya mungu.
Hakuna aliyeuliza kitu.

Mingoyo tulipata pancha. Bhavin alitapika.
Hilo halimo katika kalenda yoyote.

Lindi, saa nane, jua limekaa utosini.
Hekalu dogo, chokaa imebabuka,
kufuli kubwa kuliko kengele.
Ufunguo anao Hashimu, fundi baiskeli,
na Hashimu kaenda Mchinga, mazikoni.
"Atarudi?"
"Atarudi," akasema muuza mihogo,
kwa sauti ya mtu asiyetaka kuapishwa.

Tukachungulia dirishani kwa zamu:
giza, shada kavu, na jicho moja la fedha
ambalo Jyotsna aliapa kwamba lilimkonyeza.

Ndipo mama akachomeka pindo la sari kiunoni
akaanza kuzunguka,
ukuta mkono wa kulia, nyayo juu ya kokoto.
"Ujia ule una nguzo ngapi?"
"Elfu moja na ushei," baba akajibu.
"Basi hesabu."

Hatua moja, nguzo moja.
Baba hakuwa na karatasi ila daftari la madeni;
kila hatua akaichora kijistari.
Mwanzoni alikuwa akitabasamu.
Kwenye mia tatu alivua viatu.
Kwenye mia saba hakuhesabu tena kwa sauti,
na watoto wa mtaa walikuwa wamejipanga nyuma ya mama,
mmoja na ringi yake ya baiskeli,
akiisukuma polepole, kwa adabu.

Hashimu alifika jua likiinama,
mchanga wa kaburini ungali kwenye pindo la kanzu.
"Nimewachelewesha," akasema, ufunguo mkononi.
Mama, jasho likimdondoka kidevuni:
"Ngoja. Zimebaki kumi na moja."

Akangoja.

Nyumbani baba alifungua daftari apige mahesabu.
Vijistari vilikuwa vimeumeza ukurasa wa Sharifa,
mafuta ya nywele makopo sita,
hatua juu ya shilingi, shilingi chini ya hatua.
Akashika kifutio. Akakiweka.

Ukutani mama alikuwa amefika Aprili.
Ilikuwa Novemba.