Koti la Sabasaba

Nililinunua Sabasaba, kwa Chiduo, elfu kumi na nane.
"Jua hili, Dodoma hii, koti la manyoya?"
Sikumjibu. Ningemwambia nini,
kwamba naenda Praha siku nne, peke yangu,
kwa fedha za kuezekea?

Kwenye bitana pana jina, uzi wa kijani: Milena.

Kule saa kumi na moja jioni ni giza totoro.
Theluji ilishuka kama unga wa uwele
mtu akichekecha bila haraka.
Nilitoa ulimi. Maji tu.
Nikatembea, nikala mkate nimesimama,
siku ya tatu nikagundua sijatamka neno
tangu "ahsante" ya jana asubuhi.

Ndani ya tramu bibi mmoja alilitazama koti,
si mimi, koti,
akanyoosha mkono, akanifunga kifungo cha juu,
akashuka.
Jina sikumuuliza.

Sasa limetundikwa Ipagala, kwenye msumari,
chini ya bati lile lile.
Mvua inadondokea ndebeni.
Chiduo anauliza kama nalirudisha, nusu bei.

Nililivua kwa kupitisha kichwani.
Kifungo cha juu sijakifungua.