Gunia Moja

Mbale, saa nne usiku. Ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu,
jenereta la jirani linakohoa,
nami nahamisha kahawa
bila kubeba hata punje.

Mfumo wa zamani wa ushirika unasema XML.
Una adabu za ukweni: kila jina hubisha hodi,
likishasema lake huaga kwa jina lilelile.
Mkulima hodi, gunia hodi, kilo hamsini na tatu,
gunia kwaheri, mkulima kwaheri,
na ukisahau kwaheri moja tu
faili zima linanuna.

Mfumo mpya, ule wa kulipa kwa simu, unataka JSON.
Huyu hana hodi. Amejikunja kama rolex ya stendi,
nyanya ndani ya yai, yai ndani ya chapati,
mabano ya mawimbi, nukta pacha, koma, twende.

Nikaandika kigeuzi. Mistari arobaini na mmoja.
Wakulima elfu mbili mia sita wakavuka kwa sekunde nne.
Nikajipigia makofi, nikajimiminia chai tena.

Asubuhi Nambozo wa hesabu akaja na karatasi:
"Wetaka, huyu wa Bushika mbona hana hata shilingi?"

Khainza Agiripina.
Alileta gunia moja.

Kigeuzi changu kikiona magunia mawili, huyaita orodha.
Kikiona moja, hulisimamisha peke yake mlangoni,
na mlipaji, niliyemfundisha kuhesabu foleni,
alipita akitazama foleni.
Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tusemavyo;
haba aliyekuja bila mwenzake
nani alimuuliza jina?

Nikalifungua faili la zamani.
Chini ya jina lake, katika maoni,
yale ambayo mashine imeruhusiwa kutoyasoma,
karani Wamimbi, kabla hajastaafu, aliandika:

mlima ulishuka na shamba lake. msimkate deni msimu huu.

JSON haina mahali pa kunong'ona.
Kigeuzi kiliutupa mnong'ono ule njiani
pamoja na sifuri iliyotangulia namba yake ya simu.

Nikarekebisha. Gunia, hata likiwa moja, ni orodha.
Sifuri ibaki: namba ya simu ni neno, haijumlishwi.
Kisha nikaongeza uga ambao hakuna aliyeuagiza,
nikauita kumbuka,
nikanakili maneno ya karani herufi kwa herufi,
hata pale alipoanza sentensi kwa herufi ndogo
kama mtu asiyetaka kusikika.

"Na huo," Nambozo akauliza, "atausoma nani?"

Sikuwa na jibu. Akapiga ile namba, na sifuri yake.
Ikaita muda mrefu.
Ilipopokelewa, kabla ya sauti yoyote,
tulisikia mvua ya Bushika juu ya mabati.